Lakiri ya Injini

Katika miaka yangu ya ualimu nilisimamia mtihani wa darasa la saba mara nyingi, kwa kawaida katika shule ya jirani, maana mwalimu haruhusiwi kusimamia watoto wake mwenyewe. Utaratibu ulikuwa ule ule kila mwaka. Bahasha huletwa ikiwa na askari, watoto hukaa kimya kila mmoja kwenye dawati lake, nami huiinua bahasha juu ili wote waone kwamba lakiri haijaguswa. Ndipo huifungua. Mikono ilikuwa ikinitetemeka kidogo hata baada ya kuizoea kazi hiyo, kwa sababu nilijua kuwa kile kipande kidogo ndicho kilichobeba imani ya mtoto wa mkulima kwamba swali atakalolikuta yeye ndilo atakalolikuta na mtoto wa mkubwa.

Nilistaafu mwaka 2010 nikidhani kuwa mimi na lakiri tumeagana. Miaka minane baadaye nilikutana nayo tena, tena ugenini, ikiwa imefungwa kwenye injini ya kigari cha mjukuu wangu.

Mwanangu wa pili ni fundi wa mitambo ya hospitali huko Uingereza. Mwaka 2018 alinitumia tikiti nikamtembelee. Siku ya tatu baada ya kufika akaniambia, "Baba, kesho tutaamka saa kumi alfajiri. Bwana mdogo ana mashindano." Mjukuu wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilidhani ni mpira. Nikajiuliza ni mpira gani huo unaomwamsha mtu saa kumi katika baridi ile, lakini mgeni haulizi sana, nikavaa makoti mawili nikaenda.

Kumbe yalikuwa mashindano ya gokati. Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, gokati ni kigari cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, chenye magurudumu manne madogo kama ya toroli, kisicho na springi wala paa. Dereva hukaa karibu kabisa na ardhi, usukani magotini, na injini iko ubavuni mwake ikinguruma kama msumeno wa kukatia magogo. Huko watoto huanza kushindana wakiwa na miaka minane. Mimi mashindano ya magari niliyoyajua ni yale ya Safari, ambayo tulipokuwa wadogo tulisimama barabarani toka asubuhi ili tu tupuliziwe vumbi na Peugeot iliyopita kwa nukta mbili. Sikuwahi kufikiri kuwa mtoto anayelala na taa ikiwaka angeweza kukaa nyuma ya usukani.

Hata hivyo, kilichonishangaza zaidi si mwendo wala kelele. Ni mizani. Kila mbio zilipokwisha, watoto walisukuma vigari vyao moja kwa moja hadi kwenye mizani iliyolazwa chini, wakapimwa pamoja navyo, wakiwa na kofia zao kichwani. Ukipungua hata nusu kilo chini ya uzito uliowekwa, matokeo yako yanafutwa. Watoto wembamba, na wetu ni mmoja wao, huongezewa vipande vya risasi vilivyokazwa kwa bolti nyuma ya kiti. Baada ya mizani wanakuja watu wenye vipimo vya chuma. Wanapima upana wa kigari, wanasoma namba za matairi, wanachukua petroli kidogo na kuipima. Mwisho wanainama kwenye injini, wanaifuta oili kwa kitambaa na kusoma namba iliyo kwenye lakiri, kisha wanailinganisha na namba iliyoandikwa kwenye kitambulisho cha injini. Naam, injini ile ina kitambulisho, kama mtu.

Nikamwuliza mwanangu, "Hapa ni nani asiyemwamini mwenziwe?" Akacheka. "Hakuna anayemwamini yeyote, Baba."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nilikaa kule miezi miwili, na kwa kuwa mzee aliyestaafu hana kazi ila kusoma na kuuliza, nilijaribu kufuatilia jinsi mchezo wa watoto ulivyofika mahali pa kufungwa kwa waya na lakiri.

Ulianza kwa ufukara, au tuseme kwa mabaki. Mwaka 1956, huko California nchini Marekani, fundi mmoja aitwaye Art Ingels, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya kutengeneza magari ya mashindano ya Kurtis Kraft, aliunga kigari cha mabomba kwa msaada wa Lou Borelli. Injini yake ilikuwa ya West Bend, ya mapigo mawili, ile ya kuchanganya oili na petroli, ambayo ilikusudiwa mashine za kukatia majani. Nguvu yake ilikuwa kama farasi wawili na nusu. Watu wakakiona, wakakitaka. Muda si mrefu watu wazima walikuwa wakikimbizana katika uwanja wa kuegesha magari wa Rose Bowl, mjini Pasadena. Mwishoni mwa mwaka 1957 walikwisha kuunda chama chao, na chama kikishaundwa, msomaji unajua, kinachofuata ni katiba na kanuni.

Nadhani kanuni zingebaki chache kama injini zingebaki za mashine ya majani. Lakini mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, ambayo ilikuwa ikitengeneza misumeno ya mnyororo, iliichukua injini ya msumeno, ikairekebisha na kuiuza kwa ajili ya gokati. Hapo ndipo palipobadilika kila kitu. Mtu aliyekuwa na injini ya majani hakuweza tena kumpata mwenye injini ya msumeno. Wengine wakaona moja haitoshi, wakafunga mbili, moja kila upande. Ikabidi watu wagawanywe katika madaraja kwa ukubwa wa injini, kama sisi tulivyowagawa watoto kwa umri na kimo siku ya michezo. Na kila daraja lilipowekwa, mtu alitafuta namna ya kulifikia pembe kabisa bila kutoka nje yake.

Mchezo ukavuka bahari. Mwaka 1962 shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, FIA, liliunda kamisheni maalumu ya gokati, na mwaka 1964 ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Roma, akashinda Mwitaliano Guido Sala. Tangu hapo Waitaliano ndio waliokuwa mafundi wa mchezo huu, na kwa miaka mingi injini kuu ilikuwa ya cc 100. Haikuwa na klachi wala gia. Ili iwake, fundi alinyanyua sehemu ya nyuma ya kigari, akakimbia nacho, kisha akakiachia chini kama anayeachia punda mkaidi. Mwishoni mwa karne injini hizo zilikuwa zikizunguka karibu mara 20,000 kwa dakika. Gari la kawaida la abiria halifiki hata nusu ya hapo. Kitu kinachozunguka hivyo hakidumu. Baada ya saa chache za mbio, pistoni na beringi hubadilishwa, na anayejua kubadilisha vizuri, akakwangua hapa na kulainisha pale bila kuvuka kipimo kilichoandikwa kwenye kanuni, huyo analipwa mshahara wa daktari.

Mimi nimezaliwa kijijini na nimesomea Chuo cha Ualimu Mpwapwa, si karakana, kwa hiyo nilimwuliza mwanangu: ikiwa injini zote ni za cc 100, na zote zimepita kwenye vipimo, tofauti inatoka wapi? Akanionyesha kwa kidole. Kanuni ikisema tundu lisizidi kipimo fulani, kiwandani watatoboa dogo kidogo kwa usalama. Fundi wa gharama atalipeleka hadi ukingoni mwa ruhusa. Akifanya hivyo kwenye sehemu thelathini za injini, amepata ushindi, na hajavunja kanuni hata moja. Nikamwambia hiyo ni sawa na mwanafunzi anayepewa ukurasa mmoja wa insha, akaandika kwa herufi za mchwa.

Wazee, yaani wazazi wa watoto hao, ndio waliobeba mzigo. Habari za mabingwa zimejaa habari za baba zao. Baba yake Ayrton Senna, ambaye alikuwa na uwezo, alimtengenezea mwanawe kigari chenye injini ya mashine ya majani akiwa na miaka minne. Baba yake Michael Schumacher alikuwa fundi mwashi wa matofali huko Kerpen, Ujerumani, akafanya kazi ya ziada kwenye uwanja wa gokati, na mama akawa akihudumu kwenye kantini ya hapo hapo. Ilipofika wakati mtoto akahitaji injini mpya ya mark 800, wazazi hawakuwa nazo. Wafanyabiashara wa mji ule ndio waliomwokoa. Lewis Hamilton, aliyezaliwa 1985, alipewa gokati na baba yake kwa masharti kwamba asome kwa bidii, sharti ambalo mimi kama mwalimu nimelipenda sana. Baba huyo aliacha kazi ya kudumu, akawa anashika vibarua, wakati mwingine vinne kwa pamoja, hata kuosha vyombo, ili mtoto aende uwanjani. Mwaka 1995, akiwa na miaka kumi, mtoto akawa bingwa wa Uingereza katika daraja la watoto, ambalo injini yake ni ndogo ya cc 60.

Kuna jambo moja katika habari za Schumacher ambalo husemwa kwa kucheka, nami sikulicheka. Ujerumani haikutoa leseni ya gokati kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne. Basi akiwa na kumi na miwili alikatiwa leseni katika nchi jirani ya Luxembourg. Kanuni haikuvunjwa, ilizungukwa tu. Nitarudi kwenye suala la umri.

Turudi kwenye injini. Mwaka 1997 kampuni ya Rotax ya Austria, inayotengeneza pia injini za ndege ndogo na za vyombo vya kutembelea kwenye theluji, ilileta injini ya gokati ya cc 125, inayopozwa kwa maji, yenye klachi na kiwashio cha umeme. Lakini wazo kubwa halikuwa ndani ya injini. Lilikuwa juu yake, yaani waya na lakiri yenye namba. Injini hufunguliwa na kituo kilichoidhinishwa peke yake, na kituo kikimaliza hufunga lakiri mpya na kuandika namba yake kwenye kitambulisho. Fundi wa mshahara wa daktari hana tena pa kukwangua. Aina hiyo hiyo ya injini hutumiwa na madaraja tofauti: kijana mkubwa huachiwa nguvu yote, wa kati hunyimwa kifaa kinachofungua njia ya moshi, na wadogo hubanwa zaidi. Kuanzia mwaka 2000 kukawa na fainali za dunia, ambako kila mshindani hukuta vifaa vimeandaliwa na kugawiwa kwa kura. Hakuna anayekuja na injini yake kutoka nyumbani.

Niliposoma habari ya kura hiyo nilisimama nikaenda kumwambia mkwe wangu jikoni. Alinitazama tu. Lakini mimi nilikuwa nimekumbuka jambo la shuleni kwangu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, miaka ya 1980, mfanyabiashara mmoja wa pale alimnunulia mwanawe viatu vya kukimbilia vyenye misumari, ambavyo hakuna mwalimu hata mmoja aliyepata kuviona kwa macho. Mtoto akawaacha wenzake mbali sana. Wazazi wengine wakanung'unika, nami nikatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo mbio zote ni pekupeku. Nilijiona nimetoa hukumu ya Suleimani. Mwaka uliofuata mfanyabiashara yule akamwajiri askari magereza mstaafu amfundishe mwanawe mbio kila alfajiri, na mayai mawili kila asubuhi. Mtoto akashinda tena, pekupeku. Je, ningepiga marufuku mayai?

Ndivyo ilivyokuwa na lakiri. Walioweza kununua injini tatu au nne walizinunua, wakazijaribu zote kwenye mashine ya kupimia nguvu, wakabaki na moja na kuziuza nyingine. Hazikufunguliwa, na zote zilikuwa halali, lakini hakuna mayai mawili yanayolingana. Fedha iliyozuiwa kuingia kwenye injini ikahamia kwenye matairi mapya, kwenye siku za mazoezi, kwenye kocha. Kwa matairi nako wakaweka idadi, na namba, ili mtu asibadilishe seti kila mbio. Fedha ikahamia kwingine.

Nao wakubwa wa mchezo walihangaika. Mwaka 2007 ile injini ya cc 100 iliondolewa kwenye mashindano ya juu ya kimataifa, ikaletwa ya cc 125 iitwayo KF, yenye klachi, kiwashio, na kifaa kinachozuia mizunguko isipite kiwango, ambacho kwa vijana wadogo ni 14,000. Kusudi lilikuwa jema: injini idumu na baba asikimbie nyuma ya kigari. Lakini mitambo hiyo yote ina uzito na ina bei, na inapoharibika inataka mtu wa kuijua. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 2016 wakaja na nyingine, OK, wakaondoa klachi na kiwashio, na watu wakarudi kusukuma. Miaka tisa ilipita kati ya mabadiliko hayo mawili, na katika muda huo kuna mzazi aliyenunua aina ya kwanza, akanunua ya pili, na mwanawe akakua akaacha kabla hajanunua ya tatu. Sijui kama wanaokaa mezani kuandika kanuni humkumbuka mtu huyo. Sisi pia tulibadilishiwa mitaala, na vitabu vya zamani vikabaki stoo vikiliwa na panya.

Njia iliyonivutia kuliko zote ni ya Wamarekani, ambayo hutumika katika baadhi ya mashindano yao ya gharama nafuu. Hawafungi injini. Wanatangaza bei. Ukishinda, mshindani wako ana haki ya kuinunua injini yako kwa bei hiyo hiyo, hapo hapo uwanjani, na ukikataa kuiuza ushindi umekwenda. Kwa hiyo anayetia maelfu ya dola kwenye injini ajue kuwa anaweza kuipoteza kwa bei ndogo jioni hiyo. Kanuni hiyo haikagui injini, inaikagua tamaa. Nilipomweleza mwanangu akasema haiwezekani Uingereza, watu watapigana. Labda.

Sasa nifike kwenye yaliyonifanya niandike.

Mwanangu hakuwa na uwezo wa injini mpya. Alikuwa na daftari la mazoezi, la mistari, ambamo aliandika kila alichotumia kwa mchezo ule: kiingilio, matairi, petroli ya kigari na ya gari la kukibeba, cheni, chakula. Nililisoma kama nilivyokuwa nikisoma maandalio ya somo ya walimu wangu, na kila ukurasa jumla ilikuwa imepigwa mstari mara mbili. Alifanya zamu za usiku kwa ajili ya daftari lile. Injini aliinunua iliyokwisha kutumika, kwa mtu aliyekutana naye uwanjani, pauni 1,300, pamoja na kitambulisho chake.

Katika mashindano ya tatu niliyohudhuria, mvua ilinyesha. Mvua ni mwalimu mwema kwa maskini, maana kwenye maji nguvu ya injini haina kazi sana, ila utulivu wa mikono. Mjukuu wangu aliyezoea kumaliza wa kumi na tano alimaliza wa tatu. Nilipiga vigelegele, mimi mzee mzima, kati ya watu waliovaa makoti. Alisukuma kigari hadi kwenye mizani, akapita. Upana, akapita. Matairi, akapita. Mkaguzi akainama, akaifuta lakiri, akasoma. Akasoma tena. Akamwita mwenzake.

Namba ya lakiri na namba ya kwenye kitambulisho hazikuwa moja. Kuna mtu, kabla ya mwanangu kuinunua, alikuwa ameifungua injini ile na kufunga lakiri nyingine bila kuandikisha. Mashindano yaliyotangulia hatukumaliza mahali pa kukaguliwa, na mwanangu mwenyewe, anayesoma namba za mitambo ya hospitali kila siku, hakuwa ameilinganisha. Aliyemwuzia hakupokea simu siku ile wala baadaye.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alisema anaamini kabisa kuwa familia yetu haikujua. Akasema vile vile kwamba kanuni haiulizi nani alijua. Akafuta matokeo. Mimi sikumlaumu na simlaumu. Angemsamehe mmoja kwa uso wake mwema, kesho wote wangekuja na nyuso njema.

Mtoto alikuwa amesimama pale amevua kofia, nywele zimelowa. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwa sababu hakutaka wale wengine waelewe: "Babu, mimi kosa langu ni nini?"

Nilishika usukani wa kigari kana kwamba naukagua. Sikuwa na jibu, na si kwa sababu swali lilikuwa jipya kwangu.

Mwaka 1986, katika mashindano ya shule za msingi ya tarafa, nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Kulikuwa na mvulana wa shule nyingine aliyekimbia mita 1,500 kama upepo. Mwalimu wake wa michezo alikuwa amempunguzia umri miaka miwili kwenye fomu. Rejesta ya shule ilipoletwa, uongo ukaonekana waziwazi. Nililikata jina la mtoto kwa kalamu nyekundu, nikatangaza kwenye kipaza sauti mbele ya shule kumi na moja, nikalitaja jina lake kamili. La mwalimu sikulitaja, kwa kuwa suala lake lilipelekwa ofisini, na huko likaishia kwenye onyo. Mtoto yule hakuwahi kuijaza fomu ile. Huenda hata hakuwahi kuiona. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu, pekupeku kwa amri yangu mwenyewe ya pekupeku, akaniuliza neno karibu sawa na lile la mjukuu wangu. Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni, arudi mstarini.

Hukumu ilikuwa sahihi. Ningeitoa tena leo. Lakini ile meza haikuwa ya hukumu peke yake. Kule Mpwapwa mkufunzi wetu wa malezi alitufundisha wiki nzima habari za kumwadhibu mtoto, na sikumbuki kama ilitengwa hata saa moja ya kumwambia mtoto kwamba hakukosa.

Kwa hiyo nilichuchumaa pale kwenye zege lililolowa, magoti yakilia, nikamwambia mjukuu wangu kwamba kosa si lake, kwamba amekimbia vizuri kuliko watoto kumi na saba na mimi nimeona kwa macho yangu, na kwamba matokeo yatafutwa vile vile. Vyote vitatu. Akanitazama kama anayetafuta kipi kati ya hivyo ni cha kumbembeleza. Kisha akamsaidia baba yake kupakia kigari.

Mwanangu aliipeleka injini kwenye kituo, ikafunguliwa, ikakutwa haina kitu chochote cha hila, imechoka tu. Aliiuza kwa hasara, akimwonyesha mnunuzi kila karatasi. Kwa muda uliobaki kabla mtoto hajapita umri, walihamia daraja linalotumia injini ya Honda GX160, ya mapigo manne. Nilipoletewa picha nilicheka, kwa sababu injini hiyo naijua. Wakulima wa nyanya huku kwetu wanaitumia kuvutia maji kutoka mtoni, na kijana wa jirani yangu huifungua na kuifunga chini ya mwembe akiwa na spana tatu. Haina mwendo mkubwa. Matumizi kwenye daftari yakashuka karibu nusu, na mtoto akawa anamaliza wa sita, wa saba, akifurahi. Baadaye akapata mapenzi mengine, kama ilivyo kwa vijana. Mwaka jana aliingia chuo kikuu kusomea uhandisi.

Aliponipigia simu kunijulisha habari hiyo, tulikumbushana ile siku ya mvua. Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza, habari za mvulana wa mita 1,500. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na yeye, Babu, ulikuja ukamwambia?"

Mtu yule yuko hapa hapa mjini. Ana duka la vipuri vya pikipiki karibu na stendi, na sasa naye ana wajukuu. Kila nikipita ananyanyuka kwenye kiti chake na kunipa shikamoo, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitikia marahaba, nikamwuliza habari za biashara, nikapita.